Zuberi wa Magamba, Aliyeshinda Kila Jumamosi

Kwanza tuelewane: Zuberi si mjinga. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu, ukiwatajia mzee na mikeka ya mpira wanaanza kucheka kabla hujafika popote. Huyu analima karoti ambazo wanunuzi wa Dar huziulizia kwa jina lake. Akilitazama wingu lililokaa juu ya msitu wa Magamba, anakwambia kama utafika nyumbani umelowa au mkavu. Akili anazo, tena nyingi. Shida ni kwamba zikimjia haziulizi kwanza kama anazihitaji.

Mwezi wa pili mkewe Mwanaidi aliteremka Muheza kumwangalia mdogo wake Yusra, aliyejifungua mapacha. Kulea mzazi si kazi ya siku mbili, na mapacha ndiyo usiseme. Kabla ya kuondoka alimwingiza mumewe chumba cha nyuma, akamwonyesha magunia matatu ya viazi vya mbegu, vimeanza kutoa macho vizuri kabisa.

"Baba Shamsa, hizi ndizo za masika," akamwambia. "Zisilowe, zisipigwe jua, na kuku wasiingie. Mvua ikikaribia nitarudi, tuite msaragambo."

Msaragambo ni ule utaratibu wetu wa majirani kutoka na majembe yao, leo wanapanda kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila shamba limekwisha. Mwenye shamba anatakiwa mambo mawili tu, awapikie watu na awe na mbegu. Ukiwaita watu halafu mbegu huna, afadhali uhame kabla hawajafika. Zuberi akaitikia "sawa" kwa kila sharti. Hakuna aliyemkataza kuziuza, na hilo alikuja kulishikilia baadaye kana kwamba ni hati ya mahakama.

Siku hizo alikuwa anabeti kama wanavyobeti wengine, kwa kuotea. Akishusha karoti mjini Lushoto, anapita kwenye kile kibanda cha kubeti karibu na stendi, anaweka mkeka, yaani tiketi moja ya mechi kumi, kwa shilingi mia tano, na mkeka unachanika kwenye mechi ya kwanza. Hakuna aliyeumia. Kama angeendelea hivyohivyo mpaka kufa kwake, mimi nisingekuwa na la kuwaambia.

Lakini asubuhi moja alikuwa ameinama anapalilia, na akili zikamjia. Sisi huku milimani hatulimi mahali pamoja. Mwanaidi, kwa mfano, ana kipande bondeni kando ya mfereji, kipande kingine kilimani kwenye miti ya pea, na robo eka ya mahindi nyikani, huko Mazinde. Mvua ikizidi, bonde linafurika ila kilimani panapona. Jua likikaza, kilimani panakauka ila bondeni maji yapo. Ndiyo maana nyumba ile haijawahi kulala njaa. Zuberi akanyooka, jembe mkononi, macho yamemtoka.

"Mechi nayo ina mashamba matatu!" akasema kwa sauti. Ashinde mwenyeji, ashinde mgeni, au watoke sare, hakuna la nne. Wajinga wanapanda shamba moja halafu wanabaki kuomba Mungu. Mwenye busara anapanda yote matatu, na moja lazima livunwe!

Kha! Ningekuwa karibu ningemnyang'anya lile jembe na kumpeleka kivulini apumzike. Lakini hapakuwa na mtu wa kumshauri, zilikuwepo karoti tu.

Jumamosi ile akashuka Lushoto na fedha ya mzigo mzima. Kibandani alikuwepo Dina, binti wa Korogwe, mpole, anayemwamkia kila mteja aliyemzidi umri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe mechi hii ya jioni. Elfu kumi mwenyeji ashinde."

Dina akapiga tiketi.

"Na elfu kumi mgeni ashinde."

Dina akanyanyua macho. "Mechi hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Na elfu kumi watoke sare."

Binti wa watu akamtazama, akaitazama mashine yake, akampa tiketi zake tatu. Kazini hakuajiriwa kubishana na wazee.

Bahati mbaya, na sikosei kuiita mbaya, mechi ile ilitoka sare. Tiketi ya sare huwa inalipa vizuri, Zuberi akapokea elfu thelathini na nne. Alikuwa ameweka thelathini. Akapanda bodaboda kurudi Magamba huku anaimba, ukungu wote ule unamwingia mdomoni na hajali. Laiti siku ile ya kwanza angeshinda yule mwenyeji, timu kubwa ambayo kila mtu aliitegemea, angerudishiwa elfu kumi na tisa, akalala na hasira, na mambo yangeishia pale.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Zuberi akanunua daftari, akachora mistari, akaanza kuweka takwimu. Aliandika timu, mwamuzi, hali ya hewa, nani kaumia goti. Na kwa kuwa ni mtu wa mlimani, akaongeza safu yake mwenyewe ambayo sidhani kama ipo kwingine duniani.

"Dina mwanangu, hebu niambie. Huo mji wao uko mlimani au bondeni?"

"Sijui mzee. Mimi natoka Korogwe."

"Basi naandika bondeni. Hawa watachoka dakika za mwisho."

Na bado, baada ya utafiti wote huo, alikuwa anaweka pande zote tatu. Sasa utafiti ulikuwa wa nini? Usiniulize mimi. Yeye alisema mkulima mzuri huyajua mashamba yake yote hata kama atayalima yote.

Habari ya dini nayo aliipatia jibu, maana alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini na roho ilikuwa inamsuta. Kwenye kona ya kile kibanda kulikuwa na mashine za sarafu zenye taa, zinazomeza mia mia za vijana kutwa nzima. Zuberi alizitazama akasonya. "Ile ndiyo kamari," akasema. "Kamari ni ya mtu asiyejua kitakachotokea. Mimi najua. Mmoja atashinda, au watatoka sare. Kuna kubahatisha hapo?" Akajitolea fatuwa mwenyewe, akajikubalia mwenyewe, akaendelea.

Mtaji ndio ulikuwa mdogo. Karoti zilikuwa zimekwisha na mpya hazijakomaa, na mtu mwenye ujuzi kama ule hawezi kukaa bure. Akaenda chumba cha nyuma, akayatazama yale magunia. Hesabu yake ilikuwa safi: anauza gunia moja, anazungusha fedha wiki chache, ananunua mawili, Mwanaidi akirudi anakuta mbegu zimezaana. Akamwuzia mkulima mmoja wa Malindi, hii ya kwetu milimani si ile ya pwani, aliyeyatazama macho ya vile viazi akalipa bila kupunguziwa hata senti. Baada ya wiki mbili likafuata la pili. La tatu lilitoka kwa sababu, alivyosema, kuliacha peke yake ni kuwaita panya.

Sasa mtauliza, mtu mzima huyu hakuona fedha zinapungua? Hakuona! Na hapa ndipo ninaposhika kichwa. Tuangalie anavyohesabu mkulima wa kwetu mavuno yake. Je, huwa anahesabu samadi aliyobeba kichwani? Anaihesabu mikono yake, ya mkewe, ya wanawe? Hata kidogo. Anauza gunia, anasema nimepata hiki na hiki. Basi Zuberi akapeleka hesabu ileile kwenye mikeka. Tiketi ya elfu kumi ikirudisha kumi na tisa, anaandika faida elfu tisa, kwa wino, anapigia mstari chini. Zile mbili zilizochanika haziandiki popote. Hizo ni samadi. Anazipeleka jikoni kuwashia moto wa chai.

Fedha ilipokuwa inapungua mfukoni, alikuwa na maelezo. Sukari imepanda. Sabuni imepanda. Nyumba bila mwanamke inakula hela. Daftari lenyewe lilionyesha faida, Jumamosi baada ya Jumamosi, na yeye ni nani hata abishane na takwimu?

Sifa nazo zikaenea. Si alikuwa anashinda kila wiki? Kila Jumatatu watu walimwona kwa Dina akipokea fedha, wakati vijana wenye mikeka ya mechi kumi wamejiinamia nje. Kwenye kahawa wakaanza kumwita Profesa. Akaanza kuvaa koti hata jua likiwaka. Akawa anawafundisha watu kudhibiti hatari, kwa maneno hayo hayo, akinyoosha kidole kimoja kimoja: "Bondeni. Kilimani. Nyikani." Watu wanatikisa vichwa kukubali, maana jambo lenyewe wamelijua tangu kwa bibi zao.

Aliyetikisa kichwa kuliko wote ni jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, Rajabu. Rajabu ni mtu asiyeanza kitu, ila akimwona mwenzake ameanza hataki kupitwa. Akanunua daftari la rangi ileile. Na yeye pia alikuwa na viazi vya mbegu chumba cha nyuma.

Mwezi wa tatu ukafika katikati, mawingu yakaanza kukaa chini, na asubuhi moja simu ya Zuberi ikalia.

"Baba Shamsa, nipo Mombo, gari inapanda sasa hivi," sauti ya Mwanaidi hiyo, na kelele za wauza ndizi nyuma yake. "Mvua si ya mbali. Watu wa msaragambo nimekwisha wapigia, kesho asubuhi wanaanzia kwetu. Mbegu zikoje?"

"Mbegu," akasema Zuberi. "Mbegu ni nzuri. Ziko kwenye mzunguko."

"Ziko kwenye nini?"

"Mtandao unakata, mama. Karibu nyumbani."

Mtandao ulikuwa haukati hata kidogo. Akakimbilia chumba cha nyuma, akamwaga fedha yote kitandani, akaihesabu mara moja, akaihesabu tena polepole kama vile polepole itaongezeka. Haikutosha gunia moja, na msimu ule kila mtu anatafuta mbegu, bei imeruka. Akawaona wale watu kesho asubuhi, majembe mabegani, wamejipanga kwenye shamba lililolimwa vizuri, wanamngoja. Akamwona Mwanaidi mbele yao. Hapo moyo wake ukashuka kweli, si mchezo.

Ndipo akamkumbuka Rajabu. Jirani haachi kumwazima jirani mbegu. Atamwazima magunia matatu, atamlipa akivuna, na Mwanaidi hatajua kitu. Akachukua gunia tupu la kubebea, akalikunja chini ya koti, akashika njia ya kuteremkia mferejini. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hatua tano mbele. Kufika kwenye lile gogo la kuvukia, akagongana na mtu anayekuja.

Ni Rajabu. Na Rajabu alikuwa na gunia tupu begani.

Wakaamkiana vizuri sana, kila mmoja akimwita mwenzake mgosi, yaani bwana kwa Kishambaa, kama watu wasio na haja. Umeamkaje, mgosi? Salama, mgosi. Na mvua hii? Inakuja, inakuja. Kila mmoja analitazama gunia la mwenzake halafu anatazama pembeni.

"Nilikuwa nakuja kwako, Profesa," Rajabu akasema mwishoni.

"Na mimi nilikuwa nakuja kwako."

"Nilitaka uniazime mbegu kidogo. Zangu niliziuza. Kwa ajili ya ile elimu yako."

Zuberi akakaa kwenye gogo. Rajabu akamtazama, akaliona lile gunia limechomoza chini ya koti, na polepole uso ukambadilika.

"Astaghfirullah! Na wewe pia?"

Zuberi akalisukuma gunia ndani zaidi ya koti.

"Lakini tumeshinda!" Rajabu akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Tumeshinda kila wiki! Daftari ninalo, kila wiki faida! Viazi viko wapi, mgosi? Tumeshinda, viazi viko wapi?"

"Huenda ni sukari," Zuberi akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi situmii sukari, nina kisukari! Na zile tiketi mbili zinazochanika kila mechi, zinakwenda wapi?"

"Zile ni samadi."

"Samadi inaotesha nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu akili zile zimjie, Zuberi alijaribu kuzijumlisha zile tiketi za motoni. Akajumlisha za Jumamosi moja. Akajumlisha za Jumamosi ya pili. Akaacha kabla ya kufika ya tatu.

Walikuwa wamekaa hivyo, wazee wawili kwenye gogo moja, kila mmoja amekalia gunia lake tupu asilowe, aliposimama mbele yao mwanamke mwenye mkoba na mwamvuli. Mwanaidi alikuwa ameteremkia barabarani na kukata njia ya mferejini, kama anavyofanya siku zote.

Rajabu akasimama haraka. "Karibu shemeji. Poleni na safari. Mapacha hawajambo?"

"Hawajambo, wanalia tu," akajibu Mwanaidi. Akayatazama magunia, la kwanza, la pili. "Mmeuza."

Si swali, aliwaambia tu. Basi Zuberi akaanza kueleza. Alieleza yote, Mungu amsamehe, bonde na mlima na nyika, takwimu na miji ya milimani, akinyoosha vidole vilevile vya kwenye kahawa. Akamalizia na ule utetezi wake kwamba mkewe hakumkataza kuziuza. Rajabu mwenyewe aliona aibu kwa niaba yake.

Mwanaidi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Bonde langu likizaa vizuri, kilimani pananyauka kwa sababu hiyo?"

"Hapana."

"Mwaka mzuri navuna huku na huku na nyikani pia. Ndiyo maana nahangaika na vipande vitatu. Hizo mechi zako, likivunwa moja, yale mawili ni lazima yafe. Umelipia mashamba matatu ukijua mawili hayaoti. Baba Shamsa, ni nani aliyekuroga?"

Rajabu akacheka kwa kujisahau, kisha akakumbuka na yeye ameyalipia, akakikata kicheko.

Zuberi akainuka. Macho yalikuwa yamemlowa, na haukuwa ukungu. "Nitawapigia watu simu," akasema. "Nitawaambia msaragambo haupo, na nitawaambia kwa nini. Acha wanicheke mimi, wewe usihusike."

"Usimpigie mtu," Mwanaidi akasema. "Kesho tunapanda. Kwa rafiki yangu Rahabu nina magunia manne, na mama yangu kule Bungu amenihifadhia mawili, yanapanda na gari la jioni. Na wewe Rajabu, pita kwa Rahabu, mwambie nimesema akugawie moja. Mkeo atanirudishia tukivuna. Mkeo, umesikia? Si wewe."

Rajabu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishukuru kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kishambaa, akapotelea ukunguni na gunia lake.

Zuberi alibaki amesimama, hajui aanze kucheka au kumshika mkewe mkono. Wamepona! Kesho watu watapanda, hakuna atakayejua. Kisha hesabu nyingine ikaanza kujifanya yenyewe kichwani, na hii haikuhitaji daftari. Manne kwa Rahabu. Mawili Bungu. Matatu kwake.

"Mama Shamsa," akasema polepole. "Ulikuwa na tisa, ukanionyesha matatu."

"Wewe tangu lini umeuliza mbegu ni ngapi?"

"Lakini kwa nini kwangu matatu?"

Mwanaidi akafunga mwamvuli, akaukung'uta maji. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Zuberi.

"Kwa sababu yakipotea matatu, tunakula. Yakipotea matano, hatuli. Nimekaa na wewe tangu Shamsa hajazaliwa, nimeona ya sungura, nimeona ya nyuki, nimeona yule mtu wa madini uliyemleta nyumbani. Kila mara huwa napima ni kiasi gani naweza kukuachia."

"Kwa hiyo ulijua nitayauza."

"Sikujua."

"Na kama ningeyatunza? Ungerudi ukayakuta yote?"

Mwanaidi alikuwa amekwisha kanyaga gogo kuvuka. Akasimama, akageuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukaonyesha safari yote ya kutoka Muheza.

"Ningefurahi," akasema. "Njia nzima nilikuwa naomba niyakute. Ningefurahi sana, baba Shamsa."

Akavuka, akapanda kuelekea nyumbani. Zuberi alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kupelekwa kwa wazee akajadiliwe. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akauchukua mkoba wa mkewe alioutua kwenye majani, akauweka begani, akamfuata nyuma.